Barua Pepe Taka Hutoka Wapi?

Miongoni mwa maswali ambayo walimu wa sekondari huuliza katika mafunzo ya kompyuta, limo hili: barua hizi tusizoziomba, zinazojaza visanduku vyetu kila asubuhi, hutoka nchi gani? Swali laonekana jepesi. Takwimu zipo, majina ya nchi yapo, na mtu mwenye haraka aweza kujibiwa kwa sentensi moja. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba neno "kutoka" lina maana zisizopungua nne katika jambo hili, na kwamba anayezichanganya huishia kumlaumu asiyehusika.

Kwanza yafaa kueleza jina. Barua taka ni barua pepe inayopelekwa kwa wingi mno kwa watu ambao hawakuiomba, aghalabu kwa ajili ya biashara au ulaghai. Neno "taka" hapa ni lile la uchafu wa jalalani, wala si kitenzi, ingawa wanafunzi hupenda kucheka kwamba barua taka ndiyo barua isiyotakiwa. Wingi wake si mdogo. Kampuni ya Kaspersky ya Urusi, inayoshughulika na usalama wa kompyuta, ilihesabu kwamba katika mwaka 2024 karibu barua 47 katika kila barua pepe 100 zilizopelekwa duniani zilikuwa taka.

Mkazi wa Moa, Tongoni au Kigombe anayetembea ufukoni maji yakishakupwa ana mfano mzuri wa jambo tunalolizungumza. Mbele ya pwani ya Tanga hupita mkondo wa bahari unaoelekea kaskazini mwaka mzima, nao huongeza kasi wakati wa kusi. Mkondo huo huleta vifuu, mbao, kandambili na chupa. Tuseme mtu ameokota chupa yenye maandishi ya nchi ya mbali. Je, imetoka huko? Maandishi yanaonyesha ilikotengenezwa tu. Huenda ilitupwa na baharia wa taifa jingine, kutoka katika meli yenye bendera ya taifa la tatu, ambayo mwenyewe anaishi katika taifa la nne. Kisha mkondo ukaifikisha Kigombe ukitokea kusini. Kila moja ya sehemu hizo ni jibu la kweli kwa swali fulani, na ni jibu la uongo kwa maswali mengine.

BARUA YA MWAKA 1908

Pwani yetu iliijua barua isiyoombwa kabla ya barua pepe kuwapo. Mwaka 1908, katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, ilizuka barua iliyoleta mtafaruku hasa katika mji wa Lindi, na nakala zake zikaonekana katika miji kadhaa ya pwani na ya bara. Wajerumani waliiita Barua ya Makka. Ilidai kwamba inatokana na Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume huko Madina, ambaye aliota ndoto na kupewa onyo kwa waumini. Msomaji alitakiwa kuieneza; mwenye kufanya hivyo aliahidiwa thawabu, na mwenye kuidharau alitishiwa.

Serikali ya Kijerumani ilikuwa imetoka tu katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kwa hiyo ilishtuka mno na kuanza kuuliza swali lile lile la walimu wetu: imetoka wapi? Barua yenyewe ilisema Madina. Waliokamatwa nayo walikuwa wakazi wa koloni. Uchunguzi ukaelekeza kidole Zanzibar, kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, ambaye zamani alikuwa mfanyabiashara mwenye nguvu katika sehemu za Ujiji. Lakini hata hapo chimbuko halikuwa limefikiwa. Barua ya namna hiyo hiyo, yenye Sheikh Ahmad yule yule, ilikwisha kuonekana katika visiwa ambavyo sasa ni Indonesia, na mtaalamu wa Kiholanzi Snouck Hurgronje aliandika juu yake katika miaka ya 1880. Ilizunguka nchi nyingi za Waislamu kwa miaka mingi, na wanazuoni wa dini wenyewe wameikanusha mara kwa mara. Mmojawapo ni marehemu Sheikh Abdul Aziz bin Baz wa Saudi Arabia. Katika zama zetu imeonekana tena kwa fotokopi na kwa simu.

Wanafunzi wa hisabati wataona upesi kwa nini barua ya namna hiyo haikuhitaji posta. Ikiwa kila mpokeaji ataifikisha kwa watu watatu wapya, hatua ya kwanza ina watu 3, ya pili 9, ya tatu 27. Tukijumlisha hatua zote, pamoja na mwandishi wa kwanza, hatua ya 13 inafikisha jumla ya watu 2,391,484. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,615,597 katika Mkoa wa Tanga. Basi hatua moja zaidi ingetosha kuumaliza mkoa mzima, kutoka Horohoro hadi Handeni, na kubakiwa na nakala. Bila shaka katika maisha ya kweli watu hurudia kumpa yule yule aliyekwisha kupata, na wengine huichana. Ndiyo maana mwenendo huo hupoa.

JINA LA MWANDISHI SI USHAHIDI

Barua pepe ya kwanza ya kibiashara iliyopelekwa kwa watu wengi bila kuombwa inajulikana tarehe yake: 3 Mei 1978. Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, aliwapelekea watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET tangazo la maonyesho ya kompyuta mpya huko California. Wengi walikasirika. Hata hivyo hakuna aliyepata shida ya kujua aliyeipeleka, kwa sababu aliweka jina lake na mtandao wenyewe ulikuwa mdogo.

Utaratibu unaotumiwa hadi leo kupokezana barua pepe uliandikwa na Jon Postel na kutangazwa Agosti 1982. Watu wa wakati ule walikuwa watafiti waliofahamiana, kwa hiyo utaratibu huo haukumtaka mpelekaji athibitishe jina lake. Seva ya posta huambiwa, "Hii ni barua ya fulani," nayo huandika hivyo bila kuuliza. Ni sawa na bahasha ya kawaida: nyuma yake mtu aweza kuandika kwamba inatoka Ikulu, na karani wa posta ya Pangani ataigonga muhuri na kuipeleka. Mbinu za kuthibitisha zimeongezwa baadaye, na tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zinazidai kwa kila apelekaye barua nyingi kwa wateja wao. Lakini zimejengwa juu ya msingi wa zamani, kama bati jipya juu ya ukuta wa udongo.

Kwa hiyo maana ya kwanza ya "kutoka", yaani jina na anwani iliyoandikwa mbele, haina thamani yoyote ya ushahidi. Kilicho na thamani kidogo ni mihuri. Kila seva inayoipokea barua huongeza mstari wake juu ya mistari iliyotangulia, ikitaja saa na anwani ya kompyuta iliyoikabidhi. Mistari hiyo huwa imefichwa, lakini programu nyingi za barua humruhusu msomaji kuifunua. Tufikirie barua iliyofika shuleni ikiwa na mistari hii:

Imepokelewa na seva ya shule kutoka 203.0.113.45, saa 3:12 asubuhi.
Imepokelewa na 203.0.113.45 kutoka 198.51.100.7, saa 3:11 asubuhi.
Imepokelewa na 198.51.100.7 kutoka benki kuu, saa 3:09 asubuhi.

(Anwani hizo ni kati ya zile zilizotengwa kwa ajili ya mifano ya vitabuni, wala si za mtu yeyote.) Mistari husomwa kutoka chini kwenda juu, na mwanafunzi mwepesi atasema barua imetoka benki kuu. Sivyo. Mstari wa juu kabisa uliandikwa na seva ya shule yetu wenyewe, nao twauamini. Miwili ya chini ilikuwamo tayari wakati barua inafika, na mlaghai angeweza kuibuni yote miwili kabla ya kuituma. Tunalolijua kwa hakika ni moja tu: kompyuta yenye anwani 203.0.113.45 ndiyo iliyotukabidhi. Hiyo ni maana ya pili ya "kutoka", na takwimu zote za nchi unazozisoma magazetini zinahusu maana hiyo peke yake.

KOMPYUTA ZILIZOTEKWA

Sasa, kompyuta hiyo ni ya nani? Mara nyingi ni ya mtu asiyejua lolote. Programu hasidi huingia ndani yake kwa kiambatisho cha barua au kwa kinyonyi cha kuhifadhia kumbukumbu kilichopitishwa mkono kwa mkono, kisha hukaa kimya ikingoja amri. Maelfu ya kompyuta za namna hiyo huunganishwa zikawa kundi moja la mateka, na mwenye kundi huzikodisha kwa watu wenye barua za kupeleka.

Tukio linaloeleza jambo hili kuliko mengine yote lilitokea tarehe 11 Novemba 2008. Huko San Jose, California, kulikuwa na kampuni ndogo ya kuhifadhi seva iliyoitwa McColo. Baada ya mwandishi wa habari Brian Krebs wa gazeti la Washington Post kuwaonyesha wenye njia za mawasiliano ushahidi wa yale yaliyokuwa yakifanyika humo, kampuni mbili zilizoiunganisha McColo na intaneti zilikata mawasiliano yake. Kwa siku moja barua taka duniani kote zilipungua kwa kiasi cha theluthi mbili au zaidi. Msomaji atafakari jambo hilo. Barua zile zilikuwa zikitumwa na kompyuta zilizotapakaa katika mabara yote, na orodha za nchi zilikuwa zikizitaja nchi hizo. Kumbe sauti iliyoziamrisha ilipitia katika nyumba moja ya Marekani. Mateka hawakuponywa, waliachwa bila wa kuwaamrisha, na baada ya miezi kadhaa mabwana wao walipata seva nyingine na kiwango kikapanda tena. Mahali pa amri, basi, ndipo maana ya tatu.

ORODHA ZA NCHI NA JINSI YA KUZISOMA

Katika miaka ya 2000 Marekani ndiyo iliyoongoza mara kwa mara katika orodha za kampuni ya Sophos ya Uingereza. Katika hesabu za Kaspersky za mwaka 2021, karibu robo ya barua taka zilitumwa na kompyuta zilizoko Urusi, asilimia 14 Ujerumani, asilimia 10 hivi Marekani na karibu 9 China. Mwaka 2024 Urusi ilifikia asilimia 36, China 17 na Marekani 8.

Mwalimu anapoziweka namba hizo ubaoni, hapana budi aulize pamoja na wanafunzi wake maswali mawili. La kwanza, zilihesabiwaje? Kampuni za namna hii huhesabu kile kinachowafikia wateja wao na kinachonaswa katika mitego waliyoitega. Aliyetega dema Pangani atavua samaki wa Pangani. Hawezi kuapa juu ya samaki wa Shimoni. Kampuni yenye wateja wengi Urusi inaweza kuiona Urusi zaidi kuliko mwenzake.

La pili, namba zimegawanywa kwa nini? Tuchukue nchi mbili za kubuni. Nchi A ina kompyuta milioni 200, nayo hutuma barua taka milioni 400 kwa siku. Nchi B ina kompyuta 50,000, nayo hutuma milioni 1. Katika orodha ya magazeti A ndiyo mkosaji mkuu, na B haionekani. Lakini A hutuma barua 2 kwa kila kompyuta, na B hutuma 20. Kama tunatafuta mahali ambapo ugonjwa umeenea, ni B. Hii ni hesabu ya kidato cha kwanza, nayo husahauliwa hata na waandishi wenye shahada.

Pana hatari nyingine katika kugeuza anwani kuwa mahali. Anwani za Afrika hugawiwa na shirika la AFRINIC lenye makao yake Mauritius, nalo huzitoa kwa kampuni na taasisi; daftari lake lataja nchi na mwenye fungu, halitaji kata wala nyumba. Mtu aliyeko Lushoto au Pangani akitumia simu yake, mara nyingi ramani humwonyesha yuko Dar es Salaam. Huko Marekani jambo hili lilileta madhara ya kweli. Kampuni ya MaxMind, iliyouza ramani za anwani, iliamua kwamba anwani zinazojulikana tu kuwa ziko Marekani ziwekwe karibu na kitovu cha nchi. Nukta hiyo iliangukia shamba moja la Kansas. Mwaka 2016 ilipofichuliwa, anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimerundikwa hapo, na wakazi wa shamba walikuwa wamesumbuliwa kwa miaka na polisi na watu wenye hasira waliowaita wezi na matapeli.

Kwetu madhara huja kwa mlango mwingine. Shule yenye maabara ya kompyuta 20 kwa kawaida hutoka nje kwa anwani moja tu, na watumiaji wengi wa simu hushirikiana anwani vivyo hivyo, kwa kuwa anwani za aina ya zamani zimekuwa adimu. Kompyuta moja ikitekwa na kutuma taka usiku, anwani hiyo huingizwa katika orodha za kuzuiwa, kama zile za shirika la Spamhaus lililoanzishwa mwaka 1998, na seva nyingi za dunia hukataa barua zote zitokazo hapo. Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha, ambacho sitakitaja, barua za wanafunzi wawili waliokuwa wakiomba nafasi za masomo ng'ambo zilikataliwa kwa sababu hiyo hasa, na siku ya mwisho ikapita. Hawakuwa wameandika neno moja baya.

FEDHA HUISHIA WAPI

Maana ya nne ni mfuko. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya San Diego na Berkeley vya California walijipenyeza katika kundi la mateka lililoitwa Storm na kuhesabu matokeo ya tangazo la dawa. Kwa muda wa siku 26 zilipelekwa barua zipatazo milioni 350, na watu waliofikia hatua ya kutaka kununua walikuwa 28. Gawanya: ni mnunuzi mmoja kwa barua milioni 12.5. Ingebidi kila mtu wa Mkoa wa Tanga, pamoja na mtoto mchanga, apelekewe karibu barua tano ili apatikane mnunuzi mmoja. Biashara hiyo yawezekana kwa sababu tu anayelipia umeme, kompyuta na mtandao ni mwingine.

Mwaka 2011 watafiti wa kundi hilo hilo walikwenda mbali zaidi: walinunua bidhaa zilizotangazwa na kufuata malipo. Karibu asilimia 95 ya malipo ya dawa hizo yalipitia taasisi tatu tu za fedha, moja Azerbaijan, moja Denmark na moja katika kisiwa cha Nevis. Barua zilitoka kila mahali, fedha zilipita katika milango mitatu. Kwa maoni yangu ugunduzi huu ni mkubwa kuliko orodha zote za nchi, kwa sababu kompyuta mpya hutekwa kila siku, lakini benki iliyo tayari kupokea fedha za namna hiyo haipatikani kwa urahisi.

"ILE HELA" YA NYUMBANI

Hapa Tanzania wengi hawasumbuliwi na barua pepe kama wanavyosumbuliwa na ujumbe mfupi wa simu unaosema, ile hela nitumie kwenye namba hii. Mpokeaji hushangaa: mlaghai amejuaje kwamba nilikuwa na hela ya kutuma? Hakujua. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mtu 1 katika kila 500 yumo mbioni kumtumia mtu fedha saa ile. Mlaghai akituma jumbe 5,000, kumi kati yao zitamwangukia mtu wa namna hiyo, na akiteleza mmoja tu gharama imerudi. Mwezi wa Januari, wazazi wanapotuma fedha za mahitaji ya shule, uwezekano huongezeka. Cormac Herley, mtafiti wa kampuni ya Microsoft, alieleza mwaka 2012 kwamba barua za urithi wa mamilioni huandikwa kwa upuuzi wa makusudi ili wajibu wajinga peke yao. Ujumbe wetu ni mwerevu zaidi: hauchagui wajinga, wachagua wenye shughuli.

Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, katika miaka ya karibuni zimekuwa zikitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro mbele ya mingine kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Nimesikia watu wa Tanga wakisema hawapokei tena simu ya Msumbawanga. Huo ni ujinga uliovaa takwimu. Namba za simu zinazotumiwa ni chache mno zikilinganishwa na wakazi wa mikoa hiyo, na laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole ya mwanakijiji aliyedanganywa ni ndugu wa kompyuta iliyotekwa. Tangu usajili wa alama za vidole ulioanza Mei 2019, kila mwenye laini aweza kupiga *106# na kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Na namba ya tapeli hupelekwa 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 20, inakataza kutuma jumbe zisizoombwa kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo, na kughushi mistari ile ya vichwa vya barua tuliyoieleza.

ZOEZI

Mwalimu akusanye barua taka ishirini kutoka katika kisanduku chake mwenyewe, bila kubonyeza kiungo wala kufungua kiambatisho chochote, na anakili mistari ya vichwa tu. Wanafunzi wajigawe katika vikundi vinne. Kila kikundi kitafute, kwa barua tano, anwani iliyo katika mstari wa juu unaoaminika, kisha kitazame katika madaftari ya ugawaji wa anwani ni ya nchi gani. Katika safu ya pili kiandike nchi ambayo barua inadai kuwa imetoka. Safu hizo mbili zilinganishwe, na jumla ya barua ambazo zinatofautiana iandikwe kwa asilimia. Katika safu ya tatu, ya mahali pa amri, na ya nne, ya mahali pa fedha, wanafunzi waache nafasi tupu, na wajadiliane ni taarifa gani zingehitajika ili kuzijaza na ni nani mwenye mamlaka ya kuzipata.